Maua elfu chini ya kuba: kigandamizo cha kioo kinavyotengenezwa na kwa nini hupasuka

Ukikitazama kigandamizo cha kioo, kile kidude cha mezani cha kuzuia karatasi zisipeperuke, kwa juu utaapa kwamba maua yamejaa kuba lote, ukingo hadi ukingo. Kigeuze ukiangalie kwa ubavu: maua yale ni tandiko jembamba, halifiki hata sentimita moja, limelala karibu na kitako. Juu yake hakuna kitu ila kioo kitupu. Kigandamizo cha karatasi cha kioo ni lenzi nene iliyofungiwa pambo kwa chini. Anayelikumbuka hilo ataelewa karibu kila uamuzi wa fundi, tangu rangi anazochagua hadi saa anazosubiri kipoe.

Hesabu yake haina uchawi. Chukua kuba lenye kipenyo cha sentimita 7, yaani nusu kipenyo ni milimita 35. Kioo cha kawaida kinapinda mwanga kwa kipimo cha 1.52 hivi. Pambo likikaa milimita 35 chini ya kilele litaonekana kubwa mara 1.5. Lishushe hadi milimita 45, litakua karibu mara 1.8, lishushe hadi 52, mara 2. Kwa hiyo duara la maua lenye upana wa milimita 38 tu, likiwa chini ya milimita 45 za kioo safi, litaonekana kama limegusa ukingo. Anayeanza hufanya kinyume: anapanga maua mpaka pembeni kabisa, kisha anashangaa kwa nini ya pembeni yamevutika kama yameyeyuka na hakuna kioo kilichobaki cha kuyafumbata. Na lenzi haichagui. Inayoyakuza maua ndiyo inayokikuza kiputo cha hewa chenye ukubwa wa punje ya ulezi.

Ufito, kisha pingili

Mtindo unaojulikana zaidi unaitwa milefiori, Kiitaliano cha "maua elfu". Hakuna ua hata moja linalochorwa. Kata bamia kwa upana, utaona nyota; kata mbele kidogo, nyota ni ile ile. Ua la milefiori ndivyo lilivyo: ni mkato wa ufito wa kioo ambao mchoro wake umepita ndani kutoka ncha hadi ncha.

Fundi anachovya fimbo ya chuma tanurini na kutoa donge la kioo cha rangi, tuseme njano. Analiviringisha juu ya bamba la chuma mpaka liwe mche mfupi, kisha analisukuma ndani ya kalibu ambayo kuta zake zimechongwa kwa umbo la nyota. Mche unatoka na mifereji ubavuni. Unachovywa tena, safari hii kwenye kioo cheupe kisichopitisha mwanga. Cheupe kinajaza mifereji, kinaviringishwa, kinaingia kalibu ya pili iliyo pana zaidi. Halafu buluu. Halafu chochote apendacho.

Ugumu uko katika joto la kila tabaka. Tabaka la ndani likiwa bado laini mno, nyota inapoteza ncha zake na kuwa duara. Likiwa limepoa kupita kiasi, linapasuka papo hapo linapoguswa na kioo kipya cha moto. Jicho ndilo kipimajoto: mng'ao wa rangi ya chungwa bado unafanyika kazi, wekundu uliofifia ni ishara ya kurudi haraka kwenye tanuri la kupashia.

Mwishoni mwa matabaka kuna mche mnene wa sentimita 7 hivi kwa urefu wa 12. Msaidizi anaubandika fimbo yake upande wa pili, na wawili hao wanaanza kurudi kinyumenyume, kila mmoja upande wake, kioo kikinyooka katikati yao. Upana ukipungua mara 10, kutoka sentimita 7 hadi milimita 7, urefu unaongezeka mara 100: sentimita 12 zinakuwa mita 12. Ndiyo maana karakana za kazi hii zina korido ndefu. Kinachopendeza ni jinsi ufito unavyojisawazisha wenyewe. Sehemu iliyokwisha kuwa nyembamba inapoa kwanza na kukataa kuvutika zaidi, hivyo mvuto unahamia kwenye sehemu nene ambayo bado ina moto. Msaidizi wa tatu, akiwepo, anapepea pale panapotaka kukonda kupita kiasi. Ufito unalazwa juu ya vipande vya mbao vilivyopangwa sakafuni kama ngazi, kamwe si juu ya saruji tupu, kwani saruji inaunyonya joto upande mmoja na unakatika vipande kabla hujaufaidi.

Ukipoa unakatwa pingili, kama za muwa ila fupi, milimita 6 hadi 10. Kwa ua lenye mambo mengi, fito 7 au 19 (idadi zinazopangika vizuri kuzunguka mmoja wa katikati) hufungwa pamoja kwa waya, hupashwa, huunganishwa na kuvutwa upya. Hapo mchoro ndani ya mchoro unapungua mpaka petali inakuwa nyembamba kama unywele.

Wasomaji wa pwani wana uhusiano na ustadi huu kuliko wanavyodhani. Ushanga mwekundu uliojulikana kama samesame, uliokuwa ukishushwa Zanzibar katika karne ya 19 na kubebwa na misafara kwenda bara, ulitoka Venice, na ulitengenezwa kwa kuvuta vilevile: donge lenye tundu la hewa katikati linavutwa kuwa mrija mrefu, mrija unakatwa vipande, vipande vinalainishwa ncha. Ondoa tundu, ongeza nyota, umepata pingili ya kigandamizo.

Miaka kumi na tano ya dhahabu

Mwaka 1845 fundi wa Venice, Pietro Bigaglia, alionyesha vigandamizo vya milefiori kwenye maonyesho ya viwanda mjini Vienna. Viwanda vya Ufaransa havikulala. Saint-Louis ilivitoa mwaka huo huo, Baccarat ikafuata mwaka 1846, na Clichy, karibu na Paris, ikajiunga. Biashara ya kioo ilikuwa imedorora, huku uandishi wa barua ukishamiri tangu Uingereza ilete stempu ya peni moja mwaka 1840. Kidude cha mezani cha mwandika barua kilitumia kioo kidogo na kuuzika madukani pamoja na karatasi na wino. Clichy ilipeleka vyake kwenye Maonyesho Makubwa ya London ya 1851. Kufikia mwaka 1860 mtindo ulikuwa umechuja, na Clichy yenyewe ilifungwa mwaka 1885.

Kazi za kipindi hicho kifupi ndizo zinazogombewa mpaka leo. Baccarat ilikuwa na tabia njema ya kuficha pingili yenye herufi B na mwaka katikati ya maua, mingi kati ya 1846 na 1849. Saint-Louis iliweka SL. Clichy inatambulika kwa waridi wake: petali zilizokunjamana kama kabichi changa, na kwangu mimi hakuna pingili iliyowahi kulishinda waridi hilo.

Na wanyama wale weusi wadogo wa Baccarat, jogoo, tembo, tumbili, kuchakuro, walitokana na mtoto. Mwaka 1846 meneja wa kiwanda, Jean-Baptiste Toussaint, alimwona mpwa wake wa miaka tisa, Emile Gridel, akikata wanyama wa karatasi kwa mkasi. Vivuli vile vikachongwa kuwa kalibu za fito. Wakusanyaji bado wanawaita "wanyama wa Gridel".

Karne ya 20 ufundi ulihamia kwingine. Scotland, familia ya Salvador Ysart, mtu wa Barcelona, iliurudisha, na mwanawe Paul Ysart akawa anatia pingili yenye PY. Marekani, Paul Stankard, aliyeanza kama fundi wa vyombo vya kioo vya maabara, alitoka kwenye fito akaunda mimea kwenye moto wa kichomeo, petali kwa petali, mpaka na mizizi yake. Kazi ya namna hiyo ni fani nyingine kabisa; hapa nabaki na pingili.

Kuokota

Bamba la chuma lenye kidimbwi kifupi linawekewa pete yenye upana wa milimita 38. Ndani yake pingili zinapangwa kwa kibano, *uso chini*. Fundi anapanga asichokiona, kama mfuma mkeka anayefanya kazi kwa nyuma. Zikibanana sana hazina pa kupanukia. Zikiachana, kioo kinapenya katikati na safu zinapinda. Nafasi ya unene wa karatasi inatosha.

Bamba zima linapashwa polepole mpaka nyuzi 500 hadi 540, kwa kioo laini cha karakana. Pingili zikiwa chini ya hapo zinapasuka zinapoguswa. Zikizidi sana zinalegea, na mistari yake inatandazika kama wino kwenye karatasi iliyolowa.

Kisha inakuja hatua ya sekunde chache inayoamua mengi. Fundi anatoka tanurini na donge la kioo safi kwenye fimbo na kulibonyeza juu ya migongo ya pingili. Uso wa donge lazima uwe umetuna kidogo, kama tumbo la kijiko, ili uguse katikati kwanza na kusukuma hewa kuelekea ukingoni. Donge lenye uso bapa linaifungia hewa katikati, na hewa iliyofungiwa haitoki tena; inabaki kuwa kiputo cha fedha juu ya ua zuri kuliko yote. Siku hizi baadhi ya karakana hutoboa matundu madogo kwenye bamba na kuifyonza hewa kwa pampu kioo kinaposhuka. Si ulaghai. Ni akili.

Pingili zikishashika, kazi yote inainuka na fimbo, nyuso zikitazama nje. Inapashwa tena, na ukingo unabanwa ndani kwa koleo ili tandiko lizame kama kitovu cha chungwa. Ndipo inachovywa kwenye kioo safi, mara moja au mbili, kulijenga kuba. Hapa fimbo haisimami kuzungushwa. Kioo chenye nyuzi 1,050 kinatiririka kama asali nzito, na mkono ukitulia kwa pumzi mbili, kuba linaning'inia upande mmoja na maua yanahama nalo.

Umbo linatolewa kwa upawa wa mti wa mcheri uliolowekwa majini, au kwa gazeti lililokunjwa tabaka nyingi na kuloweshwa chapachapa. Watu wanaliogopa gazeti kuliko inavyostahili. Mvuke unaofumka kati ya karatasi na kioo ndio unaoutelezesha mkono; gazeti likikauka ndipo linaposhika moto na kuacha majivu juu ya kioo. Mwisho, koleo lenye ncha mbili linachonga shingo nyembamba kati ya kigandamizo na fimbo, tone la maji linadondoshwa shingoni, fimbo inagongwa, na kitu kinaanguka kwenye kitanda cha sufi ya kuhimili joto. Kutoka hapo hadi ndani ya tanuri la kupozea zisipite sekunde nyingi.

Kinachovunja: mpanuko na haraka

Kigandamizo kinaweza kutoka kizuri, kikapigwa picha, kikauzwa, halafu kikapasuka chenyewe rafuni baada ya mwezi. Sababu ni moja kati ya mbili.

Ya kwanza ni vioo visivyopatana. Kila kioo hunywea kinapopoa, na kila aina hunywea kwa kiwango chake. Vioo laini vya karakana hutajwa kwa namba za mpanuko kama 96 au 104; namba ikiwa kubwa, kioo hupanuka na kunywea zaidi. Kile kigumu cha vyombo vya maabara ni 33 tu. Fito za 104 ndani ya kuba la 96 zinanywea zaidi ya kioo kinachozifumbata, zinavuta, na nyufa zinatokea kuzunguka kila ua kama miale ya jua. Hakuna upoaji wa polepole unaoliponya tatizo hilo, maana si joto lililokosewa, ni ndoa.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua vipande viwili vya vioo unavyotaka kuvioanisha, viunganishe ubavu kwa ubavu kwenye moto, vipashe pamoja, kisha vuta uzi mwembamba wa sentimita 30 hivi. Uache upoe. Uzi ukibaki umenyooka, vinapatana. Ukipinda, kile kilicho upande wa ndani wa upinde ndicho kinachonywea zaidi. Mpindo unaoonekana bila kutafutwa unatosha kukataa.

Rangi nazo zina ugomvi wao wa kikemia. Njano na chungwa nyingi zimetengenezwa kwa kadmiamu na salfa. Zikikutana na kioo chenye risasi, mpaka kati yao unaweza kuwa na weusi kama masizi. Jambo hilo halitokani na uchafu wa fundi, na kusafisha zaidi hakutalibadilisha.

Sababu ya pili ni kupoza kwa haraka. Uso unapoa kabla ya kiini. Kiini kinapokuja kunywea baadaye, kinakuta uso umekwisha kuganda na haufuati. Mkazo unabaki ndani, umekunjwa kama springi. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba unene ukizidi mara 2, kasi ya kupoza lazima ipungue mara 4. Ukuta wa bilauri una milimita 5. Kigandamizo kina 50. Ni mara 10 kwa unene, kwa hiyo kasi inayoruhusiwa ni ndogo mara 100. Anayepoza kigandamizo kwa ratiba ya bilauri anatengeneza bomu la mezani.

Kwa kipande cha sentimita 7 kwa 5, cha kioo ambacho joto lake la kupozea ni nyuzi 480, huu ni mpango wa tahadhari: shikilia 480 kwa saa 6, shuka nyuzi 5 kwa saa mpaka 430, kisha nyuzi 10 kwa saa mpaka 370, kisha nyuzi 35 kwa saa mpaka joto la chumba. Jumla ni saa 32 hivi. Umeme ukikatika katikati ya 480 na 430, usijifariji kwamba "kimeonekana kizima". Kirudishe mpaka 480, polepole vilevile, na uanze saa upya. Na usifungue mlango wa tanuri kuchungulia. Baridi inayoingia kwa sekunde tano inapiga upande mmoja tu.

Ukitaka kujua kama mkazo umebaki, tumia skrini ya kompyuta ndogo. Mwanga wa skrini nyingi za aina hiyo umekwisha kuchujwa kwa mwelekeo mmoja. Fungua ukurasa mweupe, shika miwani ya jua ya aina inayokata mng'aro, izungushe mbele ya skrini mpaka skrini ionekane nyeusi, kisha weka kigandamizo katikati. Kilichopoa vizuri kitabaki na giza karibu sawasawa. Mwanga unaowaka kuzunguka pingili ni vioo visivyopatana. Msalaba mkubwa unaong'aa kuba zima ni upoaji wa haraka. Cha kwanza hakina dawa. Cha pili kinaweza kurudishwa tanurini.

Kusugua kitako

Pale shingo ilipokatikia pana kovu kali. Linasagwa kwa unga wa silikoni kabaidi na maji juu ya sahani ya chuma: chembe namba 80 au 100 kuondoa kovu, 220, 400, 600, kisha unga wa pumisi na mwisho oksidi ya seriamu juu ya kitambaa kigumu kurudisha mng'ao. Kosa la kila mara ni kuruka hatua. Mikwaruzo ya namba 100 haiondolewi na 600 hata ukisugua mpaka usiku. Itasubiri mpaka umalize kung'arisha ndipo ijionyeshe. Kabla ya kila namba mpya, osha kila kitu, pamoja na kucha zako, kwa sababu chembe moja ya 100 iliyojificha inaharibu kazi ya 400 nzima. Na daima kwa maji: vumbi kavu la kioo ni sumu ya mapafu.

Kitako kizuri kina kidimbwi kidogo katikati, ili kigandamizo kikae juu ya ukingo wake tu kisiyumbe. Baadhi huchongwa pia madirisha, sahani bapa au zilizozama kidogo, moja juu na tano au sita ubavuni. Kila dirisha linaonyesha maua upya, madogo, kwa pembe yake. Madirisha pia yamewahi kutumika kuondoa mikwaruzo ya zamani, kwa hiyo ukiona kuba lililopunguka sana kwa kuchongwa, jiulize lilikuwa limepata nini.

Ukitaka kujaribu kwa kioo cha chupa

Afrika Mashariki kioo kinachopatikana kwa urahisi ni chakavu. Karakana ya Kitengela Glass nje ya Nairobi, iliyoanzishwa na Nani Croze, na ile iitwayo Shanga ya Arusha zimeonyesha kwamba kioo chakavu kinafanyika vitu vya kupendeza. Malighafi zenyewe si ngeni: mchanga, chokaa na magadi, na magadi ya Ziwa Magadi huko Kenya hutumika viwandani kutengeneza kioo.

Lakini kioo cha chupa na cha dirisha kina tabia zake. Kinahitaji moto mkali, nyuzi 1,250 hadi 1,300 kukiyeyusha, na usiku mzima ili viputo vipate kupanda juu na kutoka. Kinaganda haraka mkononi. Joto lake la kupozea ni 540 hadi 550, si 480. Na rangi za dukani kutoka Ulaya, zilizopimwa kwa kioo laini, kwa kawaida hazipatani nacho. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuachana na milefiori mwanzoni. Tumia kioo cha aina moja tu, chupa za bidhaa moja, na pambo liwe hewa yenyewe.

Osha chupa, toa lebo, na toa kila pete ya alumini shingoni. Alumini ikiingia kwenye yeyusho inapokonya oksijeni ya mchanga na kuacha vijiwe vya silikoni, na kila kijiwe kitazungukwa na ufa. Kigandamizo cha sentimita 7 kwa 5 kina uzito wa gramu 360 hivi. Pamoja na shingo na hasara, hesabu gramu 500.

Njia rahisi ni donge kuchomwa kwa kalibu yenye misumari: vishimo vinabaki, unachovya safu ya pili juu yake, kila kishimo kinageuka kiputo cha mviringo kilichokaa mahali pake. Misumari iwe na umbali wa angalau milimita 8, la sivyo viputo vinaungana. Vinginevyo dondosha chembechembe za magadi ya kupikia juu ya donge kabla ya kuchovya. Joto linafumua gesi na kutengeneza viputo. Weka nukta, usinyunyize. Magadi yakizidi unapata povu la kijivu.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya viwanda vya chupa vya Uingereza vya karne ya 19, vilivyogeuza kioo cha kijani kuwa vizuizi vya mlango. Vingine vimepigwa muhuri wa J. Kilner wa Wakefield. Ndani yake mna ua la rangi ya fedha linaloota kutoka kwenye chungu, na hakuna fedha hata chembe. Ni unga wa chaki uliochorwa kwa umbo la petali juu ya bamba. Donge linabonyezwa juu yake, linauokota, linafunikwa kwa kioo kipya, na gesi inayotoka kwenye chaki inatandaza ngozi nyembamba ya hewa inayorudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia.

Ukitaka rangi, iyeyushe ndani ya kioo kile kile. Gramu 1 ya oksidi ya kobalti kwa kilo 1 ya kioo inatosha kuleta buluu iliyokolea. Oksidi ya shaba, gramu 10 hadi 20 kwa kilo, inatoa rangi ya bahari ya kina kifupi. Kwa viwango hivyo mpanuko haubadiliki sana, lakini vuta uzi na upime kabla ya kuamini.

Sokoni

Anayenunua aanze na mkono. Ukubwa ule ule wa sentimita 7 kwa 5, kioo cha kawaida ni gramu 360, kristali yenye risasi hupita 400, plastiki inayojifanya kioo ni kama 170, tena haina ubaridi kiganjani. Kitako cha kitu cha kale kina mikwaruzo midogo isiyo na mpango kwenye ukingo kinaokalia. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, imetiwa kwa msasa. Nakala zilizotengenezwa China miaka ya 1930 kwa kuiga za Ufaransa na Marekani mara nyingi zina kioo chenye umanjano na hisia ya mafuta kidoleni. Na geuza: kama pambo ni picha iliyobandikwa chini ya kitako, hukununua kigandamizo, umenunua stika.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, hasa kama kimetoka chumba chenye kiyoyozi. Na usikiweke dirishani juu ya karatasi. Jua la saa nne likipita kwenye kuba hukusanyika chini yake, na yanayoungua kwanza ni makaratasi ambayo kiliwekwa kuyalinda na upepo wa feni.